Majivu Juu ya Mrihani

Mimi si mtu wa maua. Niliyazoea kwa sababu nilikabidhiwa, kama mtu anavyozoea jina la utani. Kwa miaka yangu mingi ya Doha nililima kwenye shamba la bwana mmoja kule Umm Salal. Nililima bamia, figili, na majani ya kulishia kondoo. Lakini pembeni, karibu na ukuta, palikuwa na matuta ya mrihani, ambao wenyewe huuita mashmumu, na matuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtoa mwenye shamba mjini kila Ijumaa kuja kuyatazama. Bamia zikifa alisema ni mapenzi ya Mungu. Mrihani ukinyauka alisema ni mimi.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi. Doha nzima ilikuwa inachimbwa na kujengwa, vumbi mpaka kwenye chai. Idi ilikuwa imepita na arusi zimepangana. Mwenye shamba alikuwa anamwozesha binti yake. Mimi nami nilikuwa namwozesha wangu. Tofauti ni kwamba binti yake alikuwa ghorofani akichagua nguo, na wangu alikuwa Muheza, mkoani Tanga, nyumbani kwa mama yangu, na mimi sikuwa na uhakika kama nitafika.

Mke wangu alitangulia mbele ya haki mtoto akiwa mdogo. Niliondoka yuko darasa la tatu. Katikati hapo nilirudi mara moja, nikiwa na masanduku mawili yaliyojaa vitu, naye akanipa shikamoo kama anavyompa mwalimu, kisha akaenda kusimama nyuma ya bibi yake. Likizo yote ilikuwa hivyo. Nilipoondoka tena alilia, lakini nadhani alilia kwa kuwa bibi yake alikuwa analia.

Sasa alikuwa mkubwa, na mchumba kapatikana. Siku ile aliponipigia nilikuwa mjini, Fereej Bin Mahmoud, kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikamwambia kinyozi asubiri.

"Baba," akaniambia, "wanasema unaweza kumpa baba mdogo uwakala, ukasema kwenye simu tu, yakaisha. Mimi sitaki. Nataka uniozeshe mwenyewe. Umshike mkono mume wangu, useme kwa mdomo wako, nikusikie."

Nikamwambia nitakuja. Ungesema nini wewe? Kisha mama yangu akaichukua simu akasogea nayo pembeni, maana nilisikia kuku wanakaribia na sauti ya mtoto inakwenda mbali. "Mwanangu," akasema, "watu wa upande wa pili hawangoji. Wakisema Ijumaa, ni Ijumaa. Usipofika, baba yake mdogo ataozesha. Lakini huyu mtoto hajawahi kukuomba kitu chochote. Hata viatu aliniomba mimi."

Neno hilo la viatu lilinikaa moyoni. Nikarudi kwa kinyozi akamalizia nusu iliyobaki, na nikiri tu kwamba sikuona alichokuwa anafanya.

Kwa wasiojua mambo ya kule: miaka ile hukutoka Katari kwa kuwa na tiketi tu. Ulitoka kwa ruhusa ya kafili wako, yaani yule aliyekuleta. Asipoiridhia, hata uwe umekwisha funga mizigo, utakaa juu ya mizigo. Kafili wangu, ndiye huyo huyo mwenye shamba, hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemjua na kujipanga. Yeye alikuwa mtu wa kuahirisha, na maneno yake yote yalianza na inshallah na kuishia hapo hapo. Nilipomweleza habari ya binti yangu alifurahi kweli, akanishika bega. Kisha akasema, kwa ule mchanganyiko wa Kiarabu chepesi anachosemeshwa mfanyakazi, kwamba arusi ya binti yake kwanza. "Mashmumu zen, safari zen," akasema. Mashmumu yakiwa mazuri, na safari itakuwa nzuri. Akaonyesha matuta kwa kidole.

Arusi bila mashmumu kwao si arusi. Wanawake huyafunga vishada, wakayachomeka kwenye nywele, wakayapanga kwenye sinia za bibi arusi. Sikuona ajabu, kwani na kwetu bibi arusi hafungiwi kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, bila rihani. Na mama yake huyo bwana, bibi kikongwe tuliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa hataki ya sokoni. Alitaka ya shambani kwake, ya mbegu aliyoitunza mwenyewe, na kila kishada alikuwa akikinusa kabla hakijaingia ndani. Macho yake yalikuwa yameisha, akili yake yote ikahamia puani.

Kwa hiyo nilikuwa na matuta sita ya mrihani yaliyostawi vizuri, marefu mpaka magotini, na nilikuwa na mwanangu Muheza. Mrihani ukifika arusini, nami nafika arusini. Usipofika, mimi nibaki niuoteshe upya. Sikulala usingizi wa maana majuma hayo.

Niliishi shambani na Mkenya mmoja kutoka Kisii. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi, akilala kambini kule Industrial Area, chumba kimoja watu wengi, mpaka akasema afadhali kondoo. Alikuwa mcha Mungu wa Kisabato, Jumamosi hagusi jembe hata ukilia, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mimi akiniita mzee, ingawa tulipishana miaka michache tu. Siku zile alinichokoza kila tulipokaa kula. "Mzee wa kuoza msichana! Hiyo siku utavaa nini? Usiende na hizo gamubuti, utachafulia mtoto jina."

Kisha moto ukawaka.

Haukuwa kwetu. Ulikuwa kwa jirani, upande wa pili wa ukuta, ambako walikuwa wamerundika makuti makavu ya mitende ya misimu mingi pamoja na nyasi za ngamia. Sijui nani aliuwasha au kama uliwaka wenyewe kwa jua, maana jua la kule lina uwezo huo. Ilikuwa baada ya alasiri. Tulisikia mlio wa makuti, kisha tukaona moshi mzito wa manjano umesimama, halafu upepo wa kaskazini ukausukuma wote juu yetu. Mitende ya jirani ilishika moto kwa juu, mmoja ukimpa mwenziwe. Sisi tulimwagia ukuta maji na kuwahamisha kondoo. Watu wa zimamoto walipomaliza kazi yao jua lilikuwa linatua, na shamba letu halikuungua hata jani moja.

Lakini lilikuwa jeupe. Majivu yalitua juu ya kila kitu kama unga unaochekechwa, na mrihani ndio uliyashika kuliko vyote. Jani la mrihani lina vinyweleo na lina utomvu wake wa manukato, ndiyo maana linanukia ukilipitia. Bamia iliyapukutisha. Mrihani uliyakumbatia.

Tulisimama pale, nyuso nyeusi, tukiangalia. Mimi nilitaka kuanza kuyafuta saa ile ile. Mkenya akaniwekea mkono kifuani.

"Wacha hivyo, mzee. Hiyo jivu ni dawa bana. Kwetu mathe hurushia sukuma wiki, wadudu wote wanahepa. Mungu amekufanyia kazi bure na wewe unataka kutoa?"

Na mimi nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Kwetu Muheza mama yangu hana dawa nyingine ya bustani. Asubuhi anayazoa majivu jikoni kwa ungo, anayanyunyiza kwenye mchicha na kwenye mrihani wa uani, na vidukari vinaondoka. Nimeyaona hayo tangu sijavaa suruali. Kama angekuwepo hapo mtu wa Pakistani au wa Nepali labda angesema vingine, lakini tulikuwa Waswahili wawili na wote tulilelewa na wanawake wenye majiko ya kuni. Tukakubaliana majivu yatakaa. Tulioga, tukala wali na dagaa wa kopo, tukalala tukiamini kwamba tumeona neema katika balaa.

Tulilolisahau ni umande. Msimu ule joto la Doha linapungua kidogo na hewa inajaa maji. Ukiamka alfajiri kila kitu kinadondosha maji, kamba ya nguo, bati, kope za kondoo. Na majivu yakikutana na maji yanakuwa kitu kingine. Hilo nalo tulilijua! Mama huyo huyo wa bustani huchuja maji kwenye majivu akapata magadi ya kulainishia kunde na kisamvu. Kunde ngumu kama changarawe inalainika nusu saa. Vyote viwili tulivijua tangu utotoni, ila kimoja kiliishi bustanini na kingine kiliishi jikoni, na vichwani mwetu havikuwahi kukutana.

Alfajiri vilikutana kwenye majani ya mrihani wa Mama Mkubwa. Nilitoka kuswali, na taa ya ukutani ikanionyesha. Lile vumbi jeupe lilikuwa limekuwa uji wa kijivu, na chini ya uji jani lilikuwa limelainika na kupiga weusi, kama kisamvu kilichopikwa. Tuta la karibu na ukuta lilikuwa limekwisha. La pili nusu. Mengine yalikuwa na madoa, na jua lilikuwa bado halijatoka.

Mkenya alipotoka hakusema kitu. Hiyo ilinitisha kuliko mrihani wenyewe. Alichuchumaa, akavunja jani, likabaki kama kamasi vidoleni. Baadaye akasema, "Mzee, nimekuharibia." Nikamwambia anyamaze, tumeharibu wote, mama zetu wote wawili wana kesi. Nilimsemesha vibaya kidogo. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Utamkasirikia nani, umande?

Mwenye shamba alikuja asubuhi hiyo hiyo, mikono nyuma, akapita kwenye matuta. Hakupayuka. Alitazama tuta lililokufa, akatazama mengine, akauliza yatapona? Nikasema yatapona. Akatikisa kichwa polepole, akasema kama hayakupona itabidi nibaki nifufue shamba, na safari inshallah baada ya msimu. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia kesho kuna joto.

Baada ya msimu mwanangu angekuwa mke wa mtu, na mtu mwingine angekuwa amemshika mkono mkwe wangu.

Basi ndipo nilipojifunza kuosha majivu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu tuta la tatu. Tulivuta mpira tukalimwagia, na maji yetu ya kisima yana chumvi, na yakachanganyika na majivu yaliyokuwa bado makavu katikati ya kichaka yakapika hata yale majani yaliyosalimika na umande. Nikafunga maji nikakaa chini kwenye matope. Niliona wazi sasa. Majivu hayaoshwi. Majivu yanaondolewa makavu kwanza, yote, mpaka jani liwe kijani, ndipo maji yasogee. Na ukavu huo uko mchana tu, kuanzia umande unapoondoka mpaka kabla ya magharibi, yaani saa zile ambazo binadamu mwenye akili yuko ndani.

Kulikuwa na ile mashine ya mgongoni ya kupulizia majani makavu. Mkenya aliibeba, nikamwambia asimame mbali, apulize polepole kutoka chini kwenda juu, maana ukipuliza kutoka juu unayashindilia majivu kwenye kikonyo. Mimi nilitangulia nikitikisa mashina moja moja. Kisha nilipita na brashi laini ya rangi, jani kwa jani, upande wa juu na upande wa chini, nikiwa nimepiga magoti kwenye mchanga uliokuwa ukichoma kupitia suruali. Tulijifunga vitambaa puani na bado tulikohoa vyeusi. Mkenya alikuwa akisema, "Mzee, hapa hata majini hawangekubali hii kazi," halafu anaendelea kupuliza. Jumamosi ilipofika alikaa kitandani na Biblia yake mpaka jua likatua, nami sikumwambia kitu. Lakini Jumapili alianza kabla yangu.

Uchovu ule sina neno lake. Nimewahi kubeba zege, nimewahi kuchimba mitaro, na huko unachoka mwili halafu unalala. Huu ulikuwa uchovu wa vidole na macho. Nilipofumba macho niliona majani. Nilikuwa nakula na mkono unatikisa tonge kwanza, kana kwamba lina majivu. Mwanangu alipiga simu kuniuliza rangi gani ya kanzu wanishonee, nikamwambia yoyote. "Umechoka, Baba?" akaniuliza. Nikasema kidogo. Akasema, "Si lazima sana, Baba. Kama kazi imekubana, baba mdogo yupo." Alisema kwa adabu, kwa sauti ile ile ya shikamoo. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Matuta matatu yakawa kijani. Nikaagiza boza la maji matamu, nikachanganya tone la sabuni ya vyombo, tukanyunyiza kwa bomba la dawa lenye tundu dogo kabisa, kisha tukasuuza kwa maji matupu. Mkenya akiangalia maji yanavyotiririka akasema, "Sasa hii ni kuosha ama ni ubatizo?" Nilicheka mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mrihani ulimeta. Nikakata tawi, nikalisugua, nikanusa.

Moshi. Majivu yalikuwa yameondoka na moshi umebaki ndani ya yale manukato yenyewe, kama nguo iliyolala jikoni.

Ijumaa hiyo Mama Mkubwa aliletwa kwa gari, akateremshwa, akaketishwa kwenye kiti kivulini. Nikampelekea kishada mwenyewe. Alikipeleka puani akakishusha haraka. "Dukhan," akasema. Moshi. Akanirudishia. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, akanitazama, kisha akatazama simu yake.

Siku zilizobaki tulichuma. Kila jani kubwa, lile la nje lililokula moshi, tulilitoa kwa kucha tukalitupa, tukaacha vile vichipukizi vya ndani vilivyokuwa vimefichwa na wenzao. Matuta yaliyokuwa yanafika magotini yakawa kama vichwa vilivyonyolewa na kinyozi mlevi. Tulisuuza tena. Kucha zangu ziligeuka nyeusi mpaka kwenye nyama, na mikono ikanuka mrihani na moshi, siwezi kukuambia kipi kilizidi. Nikawa naswali nikiinusa kila ninaposujudu.

Asubuhi ya arusi yao nilifunga vishada vidogo vidogo, vizuri, nikavipanga kwenye sinia lenye kitambaa chenye maji. Nilipelekwa navyo mpaka nyumbani kwao, mlango wa jikoni. Mama Mkubwa alikuwa amekaa ndani ya ukumbi mdogo, wanawake wamemzunguka. Mwanawe akanichukua mkono akanisogeza. Bibi akachukua kishada cha juu.

Alinusa. Akanusa tena. Akakisugua kidogo kwa dole gumba.

"Dukhan," akasema. "Shwayya." Moshi, ila kidogo.

Nilidhani nimekwisha. Halafu yule bibi akacheka, meno hakuna, akaelekeza kidole kwenye kona ya chumba, na mimi ndipo nikaona. Walikuwa wamepanga vyetezo, makaa yamekolea, na wasichana wawili wanatia udi. Nguo za bibi arusi zilikuwa zimetandazwa juu ya moshi. Mashuka yalikuwa juu ya moshi. Msichana mmoja alinipokea sinia langu, akalipitisha juu ya chetezo, huku na huku, mpaka vishada vyote vikapotea ndani ya wingu. Mama Mkubwa akasema neno na wote wakacheka. Mwanawe akanifasiria kwa furaha: mama anasema usiku wa leo nyumba nzima itanuka moshi, nani atakayejua upi ni wa udi na upi ni wa jirani?

Ningependa kusema nilifurahi. Sikufurahi. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Magoti yangu, kucha zangu, kifua cha yule Mkenya, vyote hivyo kwa ajili ya kuondoa moshi, ili mtu aje autie mrihani moshi. Nilisema asante, maana nilikuwa na haja. Mwenye haja ndiye muungwana.

Bwana hakungoja siku ya pili. Nadhani furaha ya arusi ilimshika. Alitoka nje, akamwita kijana wake wa ofisini, ruhusa yangu ikashughulikiwa pale pale. Akanipa na kichupa cha mafuta ya udi cha kumpelekea binti yangu. Mkenya alinisindikiza mpaka getini na begi langu kichwani. "Enda, mzee," akasema. "Na uwaambie mathe zetu kuna kesi huku."

Nilifika Muheza Jumatano jioni. Mama yangu alinipokea kwa kunishika uso na mikono miwili, akaninusa shingoni kama mtoto. "Wenzio wakitoka Uarabuni wananukia," akasema. "Wewe umekuja na harufu ya jiko langu." Mwanangu alitoka ndani, mrefu, sikumtarajia urefu ule, akanipa shikamoo, akapokea begi, akasimama. Hakujua aende wapi baada ya hapo. Hata mimi sikujua. Nikampa kichupa cha udi, akasema asante Baba, akakishika kwa mikono miwili.

Asubuhi yake, siku moja kabla ya nikaha, niliamka nikatoka uani na kikombe cha chai. Wanawake walikuwa wanachambua mchele. Pembeni, karibu na bafu, palikuwa na kitalu cha mrihani alichokiotesha mwanangu mwenyewe kwa ajili ya kikuba chake. Kilikuwa kimestawi. Na kilikuwa cheupe, kimenyunyiziwa majivu tangu alfajiri, na shangazi mmoja alikuwa anakuja na ndoo ya maji.

"Usimwagie!" nikapiga kelele. "Usimwagie maji!"

Shangazi akasimama na ndoo yake. Mimi nilikuwa nimekwisha piga magoti, chai imemwagika sijui wapi, ninatikisa shina la kwanza, kutoka chini, polepole, napuliza kwa mdomo, nafuta jani kwa ncha ya shati, upande wa juu, upande wa chini.

"Mwanangu," mama yangu akasema, "hayo nimeyatia mimi. Ni dawa."

"Najua ni dawa," nikamjibu, na mikono haikuacha. Nilikuwa najua kabisa. Hapakuwa na umande wa Doha hapo, wala chumvi, wala bibi wa kunusa. Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa. Nikaenda shina la pili. Nililia, nisijidai, nililia mbele ya wanawake wote wale na sikuweza kusimamisha wala kilio wala mikono.

Kisha nikaona magoti mengine yamekuja kando ya yangu. Mwanangu alikuwa amechuchumaa, ana hina mpya viganjani, ya arusi, na alikuwa haruhusiwi kugusa kitu. Alinitazama vidole, zile kucha. Nilingoja aseme Baba acha, watu wanatuangalia.

"Nionyeshe," akasema. "Unaanzia juu au chini?"

"Chini," nikasema. "Ukianzia juu unayashindilia."

Akashika shina la tatu, akalitikisa vibaya, nikamshika mkono nikamrekebisha. Tukamaliza kitalu chote. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kumfundisha mwanangu, na kesho yake nikamwozesha.